Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Simu na Mgonjwa wa Milimani

Kiswahili kina salamu iliyobeba jibu lake ndani. Anayeulizwa "hujambo?" huulizwa kama hana jambo, na adabu humtaka ajibu kwamba hana: "sijambo." Watu wakiwa ana kwa ana, jibu hilo halimpotezi mtu, kwa kuwa macho hulisahihisha. Huona miguu iliyovimba, pumzi fupi, na kanga iliyoanza kumpwaya mwenye kuivaa. Kwenye simu macho hayapo. Kijana aliyeko Kariakoo humpigia mama yake aliyeko Mlalo, akauliza hali, akajibiwa "sijambo, mwanangu," akatuma fedha, akalala kwa amani. Mama naye hubaki na presha yake, na kopo la dawa lililokwisha tangu wiki iliyopita.

Simu imeipa Lushoto msaada mkubwa wa tiba, na asiyelikiri hilo hajawahi kupanda milima ya Usambara wakati wa masika. Kutoka Mombo hadi mjini Lushoto ipo barabara ya lami ya takribani kilometa 33. Lakini njia nyingi za kwenda vijijini ni za udongo, na mvua huzifunga. Zamani taarifa ya ugonjwa ilipelekwa kwa barua au kwa kondakta wa basi, nayo mara nyingine ilifika baada ya mazishi. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, nauli ya mgonjwa hufika kabla jua halijazama. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, huwezesha mama mjamzito au mzazi mwenye dharura kupata usafiri kwa kupiga 115 bila malipo. Pasipo na gari la wagonjwa, dereva wa jamii huitwa, na malipo yake hupitia simu hiyo hiyo. Hayo ni maisha ya watu yaliyookolewa.

Hata hivyo, kuna jambo lililoondoka kimyakimya. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika historia ya ufalme wa Wasambaa mwaka 1974, aliichunguza pia tiba ya milima hiyo, akaonesha kwamba uamuzi wa matibabu haukuwa wa mgonjwa peke yake. Ndugu na jirani walikutana, wakapima dalili, wakachagua pa kwenda, wakamsindikiza. John Janzen alieleza desturi inayofanana na hiyo huko Kongo mwaka 1978. Mkutano huo ulikuwa na kasoro zake; ulichelewesha wengine, na mara nyingi sauti ya mwanamke haikusikika. Lakini uliweka watu kando ya kitanda. Leo mkutano umehamia katika kundi la familia la WhatsApp. Waliopo ni wengi, michango hupitishwa haraka, wa mbali hutoa ushauri, na mara nyingi hakuna hata mmoja kati yao aliyemwona mgonjwa mwezi huo.

Kwa mwenye kuvunjika mguu, hilo huenda lisiwe na madhara makubwa. Kwa mwenye presha au kisukari, madhara yake ni makubwa. Maradhi hayo hukaa mwilini muda mrefu bila maumivu, na dawa zake huhitaji kumezwa hata siku ambayo mtu anajiona mzima. Fedha iliyotumwa kwa ajili ya dawa humkuta bibi akiwa na mjukuu asiye na daftari na shamba lisilo na mbolea. Atachagua nini? Hajafanya kosa la kimaadili, amekosa tu mtu wa karibu wa kumwuliza, "Umekunywa dawa leo?" Huduma za kifua kikuu zimelijua jambo hili siku nyingi: mgonjwa anayetibiwa nyumbani huteua msimamizi wa kumwona akimeza dawa. Wenye maradhi ya kudumu nao wanastahili mtu kama huyo.

Si suala la milimani peke yake. Mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaathiriwa na upweke, na kwamba upweke huongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo na kifo cha mapema. Kwa hiyo kumtembelea mgonjwa si hisani ya ziada. Ni sehemu ya matibabu.

Wahudumu wa afya wanaweza kuanza na maswali mawili: nani anaishi nawe, na nani anakutumia fedha? Mara nyingi ni watu wawili tofauti, na namba za wote wawili zinafaa kuandikwa, kwa ridhaa ya mgonjwa. Kabla ya kutuma ujumbe wa kliniki, aulizwe nani huusoma. Simu ya bibi asiyejua kusoma hufunguliwa na mjukuu au jirani, na siri ya ugonjwa huishia hapo. Tena, kompyuta iliyoingia katika chumba cha daktari isimnyime mgonjwa macho ya daktari. Kwanza uso wake, kisha kioo.

Ndugu walio mbali wabadili maswali. Badala ya "hujambo?" peke yake, waulize: vidonge vimebaki vingapi? Tarehe ya kliniki ni lini? Viatu vinaingia? Watume nauli ya watu wawili, ili mgonjwa asindikizwe, na wampigie simu jirani kumshukuru. Mgonjwa naye asiogope kusema "nina jambo." Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema fedha ije, wala sauti ije. Simu itumike kumwita mgeni huyo, kumlipia nauli, na kumwelekeza njia. Akishafika mlangoni, iwekwe kando.