Pikipiki ya kwenda Kamsamba: usinunue sura

Tangu watu wauze mahindi, simu zinazoingia kwangu zina swali moja. Kijana wa Tunduma au Mlowo anataka kuteremka kaskazini, bonde la Ziwa Rukwa, akakodi shamba la mpunga au ufuta huko Kamsamba, na wengine wavuke daraja la Momba waingie Kilyamatundu upande wa Rukwa. Anauliza: "Afisa, ninunue pikipiki gani ya kufika huko?" Nimejibu mmoja mmoja nimechoka. Leo nasema mara moja, na najua wapo watakaobisha.

Maoni yangu ni haya: nunua pikipiki ambayo fundi wa Kamsamba anaifungua akiwa amefumba macho. Kwa sasa hiyo ni Boxer 150 au TVS HLX. Basi.

Najua tatizo linaanzia wapi. Sisi wa Tunduma tunakaa mpakani. Kila mwaka tunawaona wale wasafiri wanaotoka Cape Town kwenda Cairo, wanavuka Nakonde wakiwa juu ya BMW GS yenye masanduku ya bati pembeni. Kijana anaangalia anasema hii ndiyo pikipiki ya safari. Sawa, lakini ile kitu ina zaidi ya kilo 200 kabla hujaweka mzigo. Ikilala kwenye tope la mbuga peke yako huinyanyui, unakaa pembeni unasubiri watu. Na yule mgeni anapita tu, msimu wa mpunga haumhusu.

Wengine hawaendi mbali hivyo, wanataka Yamaha DT 125 au Honda XL, zile tulizozoea kuziona kwa watu wa miradi na ofisi za serikali. Hapa sibishi sana, kwa sababu kiufundi wana hoja. Tairi la mbele la DT ni inchi 21, linapanda shimo ambalo tairi dogo la Boxer linazama. Madigadi yake iko juu. Hii madigadi watu hawaioni umuhimu wake mpaka mvua inyeshe. Udongo mweusi wa bondeni ukilowa unanata kama ugali, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka tairi linagoma kuzunguka. Nimeona mtu anachokonoa tope kwa kijiti kila baada ya mita chache.

Lakini angalia upande wa pili. DT inaunguza oili pamoja na petroli, na oili yake siyo ile ya kila duka. Ikikatika waya wa klachi au ukaua pistoni ukiwa Kamsamba, spea inatoka Mbeya au Dar, ukibahatika. Wewe una vibarua shambani wanasubiri posho. Siku tatu za kusubiri spea wakati wa palizi ni hasara kubwa kuliko hilo tairi la inchi 21. Na zile za mnadani zinazoonekana rahisi, jiulize kwa nini mwenyewe kaiachia.

Halafu kuna pesa yenyewe, na hapa ndipo napandisha sauti. Pikipiki mpya ya aina hiyo huzidi bei ya Boxer mara mbili. Hiyo tofauti usiihesabu kwa shilingi, ihesabu kwa mifuko ya DAP na urea. Mwezi wa nane kijana anapita barabarani watu wanageuka kumtazama, mwezi wa kumi na moja mvua inaanza yeye anatafuta wa kumkopesha mbolea. Kila msimu nawaona, na ni vijana wanaojua kilimo vizuri kabisa.

Sasa ukishachukua Boxer yako usiondoke nayo kama ilivyotoka dukani. Weka tairi za vibao, za njia ya vumbi, mbele na nyuma. Mwambie fundi akubadilishie sproketi ya mbele aweke yenye jino moja pungufu. Utapoteza spidi kidogo ya lami, utapata nguvu ya kupanda na mzigo. Keria ichomelewe vizuri. Madigadi ya mbele ipandishwe juu, kazi ndogo tu kwa fundi. Na chujio la hewa, lile mafundi wanaita ea klina, usikubali litolewe "ili ivute vizuri". Vumbi la njia ile ya kiangazi linakula injini mapema sana.

Tupige hesabu ya mafuta. Kutoka Tunduma mpaka Mlowo ni lami, kama kilomita 50 hivi. Kutoka Mlowo mpaka Kamsamba ni kama 130. Jaza tangi Mlowo na ubebe lita mbili kwenye kidumu kizima, maana petroli ya chupa ya vijijini hujui imechanganywa na nini. Beba pia tyubu ya akiba, pampu, spana, plagi na kipande cha cheni.

Uwanda wa Mbozi uko zaidi ya mita 1,500, Ziwa Rukwa liko kama mita 800, kwa hiyo kuna mteremko wa kweli pale. Wapo wanaozima injini washuke na frii kubana mafuta. Acha kabisa. Ukiwa na magunia nyuma breki za ngoma zinapata moto, zinaacha kushika, na kona haikusubiri. Shuka na gia ya pili, injini ikuzuie. Helmeti vaa, leseni ya daraja A uwe nayo, na kipande cha lami usikipite usiku. Malori ya Tunduma mnayajua wenyewe.

Swali ambalo hakuna anayeniuliza ni kama anahitaji kununua kabisa. Kama utaenda bondeni mara mbili kwa msimu, panda gari la abiria mpaka Kamsamba, kodi bodaboda pale pale. Yule kijana wa Kamsamba anajua tope lipi linapitika na korongo lipi limejaa jana usiku, na hiyo haiuzwi dukani. Ukishaona eka zako zinakulazimisha kwenda kila wiki, ndipo ununue.

Mwenye DT anayetaka kunipinga aandike hapo chini. Ila aseme pia mara ya mwisho spea aliipata wapi, na alisubiri siku ngapi.