Gitaa Moja Latosha, Jamani!

Huku Uingereza ni zamu za usiku tu, ila namshukuru Mungu ni mzima.

Leo nina neno kuhusu mdogo wangu mpiga rizimu. Anataka gitaa la pili, eti lake lenye hambaka sauti yake ni nzito, halikati vizuri kwenye rumba. Nasikia mmeshaanza kuchangishana. Mimi napinga.

Tuelewane kwanza. Pikapu ninayosema si ile ya kubebea mkaa, ni kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi. Hambaka ilibuniwa na Seth Lover wa Gibson mwaka 1955. Ina koili mbili: waya umezungushwa kinyume na sumaku nazo zimegeuzwa, hivyo sauti ya nyuzi hujumlika na muungurumo wa umeme hufutana. Mashine yetu ya kupima moyo wodini inafanana nayo: huchukua tofauti kati ya vibandiko viwili, kelele iliyo kotekote inakufa.

Sasa, hiyo sauti nyembamba anayoitamani ni ya koili moja, na koili moja anayo tayari! Pale koili mbili zinapoungana, apeleke waya kwenye poti ya kuvuta na kusukuma. Huku ni kama pauni 10. Akiivuta, kile kiungo kinaunganishwa na ethi, koili moja inanyamaza. Akiisukuma, hambaka imerudi.

Sharti ni pikapu iwe na nyaya nne za rangi. Rangi zenyewe asiziamini: Seymour Duncan huunganisha nyeupe na nyekundu, DiMarzio nyeusi na nyeupe. Apime kwa mita kwanza, ndipo alehemu.

Najua atajibu kwamba muungurumo utarudi na sauti itapungua. Ni kweli, wala haitakuwa Stratocaster halisi. Lakini ukumbi umejaa, watu wanacheza, nani atausikia? Wimbo ukiisha, asukume.

Basi mchango huo naomba uende kwenye ada ya mtoto wa dada, maana shule haina poti ya kuvuta. Poti ya gitaa nitaituma mimi na mgeni wa kwanza atakayekuja. Mwenye hoja tofauti aniandikie.

Wasalaam, tuombeane uzima.