Goti likiteguka njia ya Luano, masaa ya kwanza ndiyo yanaamua mguu

LUBUMBASHI – Kwenye njia inayotoka mjini kwenda uwanja wa ndege wa Luano, komine Annexe, pikipiki zinagombania nafasi na malori. Ajali ikitokea, watu wanatazama kwanza kichwa na damu. Goti lililotoka mahali pake bila kidonda, mara nyingi linapelekwa nyumbani kukandwa na maji ya moto.

Hapo ndipo hatari inaanzia. Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu hadi vidoleni. Mifupa ikiachana, mshipa huo unaweza kupasuka au kuziba. Damu ikikosa kufika kwa masaa 6 hadi 8, nyama inaanza kufa, na mara nyingi munganga anabaki na njia moja tu: kukata. Hata goti lililorudi lenyewe si la kuaminiwa. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au havisikii kitu, mgonjwa afungwe ubao mguu ukiwa vile ulivyo, asivutwe, akimbizwe hospitali.

Kano zilizokatika zenyewe zinaweza kungoja wiki 2 au 3, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo familia yenye fedha kidogo isianze kuuliza bei ya kano. Iulize kama damu inafika mguuni.

Kisha inakuja safari ndefu. Yannick Bolasie, wakati huo mchezaji wa Leopards, alikatika kano ya goti tarehe 4 Desemba 2016 akichezea Everton. Alikosa CAN 2017 ya Gabon, akarudi uwanjani Desemba 2017. Huyo alikuwa na waganga wa klabu tajiri, tena goti lililoteguka kabisa kwa kawaida linakata kano zaidi ya moja.

Manseba wetu, anayepaswa kumpa mwenye pikipiki fedha ya kila siku, ataishije miezi 9 hadi 12? Mpango wa serikali wa afya kwa wote ulianzia Kinshasa mwaka 2023 na kuzaa bure. Mifupa ya dereva haikuwa mwanzo wake. Mazoezi ya kunyoosha goti na kukaza paja, akishaonyeshwa hospitalini, anaweza kuyaendelesha nyumbani bila gharama kubwa. Wengi wanayaacha katikati na kupanda tena pikipiki goti likiwa bado linacheza, kwa sababu nyumbani hakuna unga.