Kupunguza Mwendo Si Uvivu

Kikundi chetu cha mbio za asubuhi hapa Morogoro, ambacho vijana hukiita cha jogingi, kina fulana za kijani zilizoandikwa mgongoni maneno mawili: HAKUNA KULALA. Ninayo moja. Niliinunua kwa fedha za pensheni, nikaivaa kwa majivuno miaka mitatu, na sasa mke wangu anaitumia kufutia vumbi madirishani. Napenda nieleze sababu, kwa kuwa mwenyekiti wetu ametangaza mbele ya wanachama kwamba mwalimu amekuwa mvivu, na mimi nimefikisha umri wa miaka 73 bila kuitwa jina hilo.

Nianze kwa kukubali lililo la kweli. Uvivu upo. Mtu aliyeongoza shule za msingi miaka zaidi ya ishirini hahitaji kuonyeshwa sura yake. Nimewaona watoto walioumwa tumbo kila siku ya kulima shamba la shule na kupona mara kengele ya chakula ilipolia. Lakini mvivu ni mmoja, na aliyechoka kupita kiasi ni mwingine. Mvivu hulala vizuri. Aliyechoka hujilaza saa tatu usiku akakodoa macho mpaka jogoo wa kwanza. Mvivu akisamehewa kazi hufurahi, aliyechoka hujilaumu. Mwenyekiti wetu ni mfanyabiashara hodari, na kwa mambo mengine yote ni mtu mwema, ila tofauti hiyo hajaiona, nami nachelea kwamba kwa kutoiona atawaulia watu wengi hamu ya kukimbia. Nasema hivyo kwa sababu mimi niliwahi kumwulia mmoja. Nitamfikia.

Nilijiunga na kikundi mwaka 2021, nikiwa na miaka 69. Mwaka wa kwanza ulikuwa neema tupu. Tulitoka Kihonda alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya Uluguru, tukaenda taratibu hadi karibu na Msamvu na kurudi, tukizungumza habari za watoto, bei ya unga na Simba na Yanga. Kisha mwenyekiti akanunua saa ya mkononi inayohesabu kilomita na mapigo ya moyo. Siilaumu saa. Lakini tangu siku hiyo kila jioni ikawa inatumwa katika simu zetu orodha ya wanachama na kilomita zao, wa kwanza hadi wa mwisho, kama matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ukutani. Nani asiyejua nguvu ya karatasi ya namna ile? Nimeibandika miaka mingi. Nikaanza kutoka mara mbili kwa siku ili jina langu lipande. Nikajiandikisha kwa mbio za kilomita 21. Mazungumzo ya barabarani yakakoma, maana hapakuwa na pumzi ya kuyafanyia.

Baada ya miezi kadhaa mwili ukaanza kunipelekea barua. Chuoni, katika somo la afya, tulifundishwa kupima mapigo kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani. Yangu yalikuwa 58 kwa dakika. Yakapanda hadi 70 na kukaa huko huko. Mafua yaliondoka Jumatatu yakarudi Alhamisi. Ugali ukakosa ladha, na mke wangu akaniambia waziwazi kwamba siku hizi kuzungumza nami ni sawa na kumchokoza nyuki. Hayo yote nikayapuuza. Lililonishtua ni dogo kuliko yote. Asubuhi moja ya masika niliamka saa kumi na moja, nikasikia mvua ikipiga bati, nikasema kwa sauti, "Asante Mungu." Mke wangu akauliza nashukuru nini. Nikakosa jibu la kumpa. Nilikuwa nashukuru kwamba sitakimbia.

Nilipomwendea mwenyekiti kuomba nipumzike kwa muda, alinijibu kwa jina moja: Akhwari.

Ni jina zito, na ndiyo maana hutumiwa ovyo. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka katikati ya mbio za marathoni, akaumia goti vibaya, akafungwa bandeji, akaendelea, na kuingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Nilikuwa kijana wa miaka 16 habari zile zilipotufikia, na mpaka leo nikizikumbuka koo hunikaba. Lakini nauliza: Akhwari alifanya vile mara ngapi? Alifanya siku moja, akiwa amevaa jina la nchi kifuani. Hakufanya kila Jumanne na Ijumaa. Tena wale wanaolitaja goti lake husahau kutaja kilichofuata. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari huyo huyo alimaliza marathoni akiwa wa tano. Goti lililotenguka haliponi kwa kukimbizwa. Kati ya Mexico na Edinburgh lazima palikuwa na siku za kukaa kitako, nazo hazimo katika hotuba za mwenyekiti wangu.

Sasa nimfikie niliyesema nitamfikia. Tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Ilikuwa rekodi ya dunia, na aliipata kwa kuwaacha wenzake tangu mwanzo, akaongoza mpaka utepe. Mimi nilikuwa mwalimu kijana. Baada ya Christchurch walimu wengi wa michezo tulitaka kila mmoja awe na Bayi wake. Wangu nilimpata mwaka 1986, binti wa darasa la sita, mwembamba, asiye na viatu, aliyekuwa akikimbia kwenda kisimani kwa sababu tu kutembea kulimchosha. Nikamfundisha ule niliouita mtindo wa Bayi. Kila siku, kwa kasi yote, tangu mwanzo, na mimi nimesimama na saa shingoni. Nilisahau kwamba dunia ilimwona Bayi akishindana na haikumwona akipumzika. Yule binti alishinda wilayani. Wiki mbili kabla ya mashindano ya mkoa akanijia akasema, "Mwalimu, miguu imekataa." Nikamjibu kwamba miguu haina mdomo wa kukataa. Darasa zima likacheka, nami nikafurahia kuwa nimesema neno la busara.

Mkoani alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Hakukimbia tena.

Nilikutana naye stendi ya Msamvu mwaka 2023, sasa mama wa watu wazima, ameshika kikapu. Akanitambua yeye kwanza. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu," nikasema, na kwa upumbavu wa wazee nikaongeza, "bado unakimbia?" Akatabasamu. "Mwalimu, mimi hata basi likiniacha, naliacha liende." Abiria waliosikia wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Ndipo ninapotofautiana na mwenyekiti. Yeye anaamini kwamba kinachowatoa watu barabarani ni ulegevu. Mimi nasema anayelegea leo atarudi kesho kutwa. Yule aliyelazimishwa mpaka akachukia ndiye harudi, hata baada ya miaka 37. Na sisi walimu tuna la kujibu zaidi ya wengine. Mtoto akichelewa, zunguka uwanja mara kumi. Akipiga kelele, zunguka mara tano. Tuliwapa mbio kama adhabu tangu utoto, kisha tukashangaa kwamba wakiwa watu wazima hukimbia kama wanaotumikia kifungo, wakihesabu kilomita zilizobaki.

Wapo watakaosema kwamba mzee anatafuta kisingizio, na kwamba mabingwa hawakuupata ubingwa kwa kujibembeleza. Basi twende kwa mabingwa. Iten, huko Kenya, mji ulio kwenye kimo cha mita 2,400 hivi, umetoa wakimbiaji wasiohesabika. Wanariadha wa nyanda zile wana siku chache za kasi kali katika wiki. Siku nyingine huanza asubuhi kwa mwendo wa kujikokota, wakipiga soga, mwendo ambao mwenyekiti wangu angewapita na kujisifu. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, yaani chini ya dakika tatu kwa kila kilomita, na sehemu kubwa ya mazoezi yake ni ya mwendo wa chini mno kuliko huo. Na mbio kubwa zikiisha, watu hao hukaa wiki kadhaa pasipo mazoezi makali. Wao wanalipwa kwa kukimbia, na bado wanapumzika. Sisi wastaafu, wauza duka na makarani, ambao hatuna tunachodaiwa na yeyote, tunaona haya.

Lipo na jambo la jina lenyewe. Arthur Lydiard wa New Zealand, aliyemfundisha Peter Snell mpaka akapata dhahabu Rome mwaka 1960 na mbili Tokyo mwaka 1964, aliwahimiza pia watu wa makamo na wenye maradhi ya moyo mjini Auckland watoke wakakimbie polepole. Mwaka 1962 alitembelewa na kocha Mmarekani, Bill Bowerman. Siku moja walikwenda pamoja na kikundi hicho, na Bowerman, aliyejiona ana afya njema, akaachwa nyuma, kisha akasindikizwa kwa huruma na mzee wa miaka ya sabini. Aliporudi kwao akaanzisha jambo hilo, na mwaka 1967 akatoa kitabu pamoja na daktari wa moyo, jina lake ni hilo hilo la jogingi. Shabaha ilikuwa kukimbia huku unaweza kuzungumza. Kwa hiyo kikundi chetu kinaitwa cha jogingi na kimepiga marufuku jogingi.

Lakini hatukuhitaji kusafiri hadi Auckland. Tulikuwa na mchakamchaka. Aliyesoma shule zetu anajua: alfajiri, mistari miwili, kiongozi anaanzisha, wengine wanaitikia, na vumbi linapanda kwa mapigo ya nyayo. Nisidanganye, haikuwa furaha tupu. Wapo waliokimbia na njaa, na nyuma ya mstari alikuwako mwalimu wa zamu na fimbo, na mara nyingi mwalimu huyo nilikuwa mimi. Hata hivyo ndani ya mchakamchaka kulikuwa na kipimo ambacho hakuna saa inayokishinda. Ulikuwa huwezi kwenda mbio kuliko wimbo. Kiongozi akizidisha kasi, waitikiaji wanapungua. Wakipungua, wimbo unakufa. Wimbo ukifa, mstari unakatika. Hivyo wote, wanene kwa wembamba, walifika pamoja. Tulikuwa na dawa mkononi, tukaidharau kwa kuwa haikuwa na namba.

Mimi niliikumbuka kwa bahati. Nilikuwa nimeacha kukimbia kabisa wiki tatu, natembea tu jioni na bakora kama mzee yeyote. Ada ya zile kilomita 21 ilikwisha kulipwa, nikaiacha ipotee, na kwa mstaafu hilo si jambo dogo. Mapigo yakashuka hadi 60. Asubuhi moja mjukuu wangu wa miaka minane alitumwa maziwa, akaniambia, "Babu, twende mchakamchaka." Nikamwambia babu amestaafu. Akaanza kuimba akaenda, na miguu yangu, ile niliyosema haina mdomo, ikamwitikia. Tulikwenda labda dakika kumi na mbili. Alipochoka tulitembea, alipopata nguvu tukaimba tena. Maziwa yalimwagika kidogo njiani na bibi yake akatugombeza wote wawili kama wanafunzi.

Sasa nakimbia siku tatu kwa wiki, mara dakika ishirini, mara thelathini, sina hakika, kwa kuwa saa yangu ya ukutani imebaki ukutani. Mlima nautembea. Nikiamka na mapigo juu ya 65, narudi kulala bila kumwomba mtu ruhusa. Na naimba, kwa sauti ya chini nikikutana na watu wanaokwenda kazini, kwa sauti kubwa nikifika kwenye mashamba ambako hakuna wa kunicheka ila mbuzi.

Katika orodha ya jioni jina langu liko mwisho, na mbele yake pana sifuri, kwani aliye bila saa hahesabiwi. Nimemwomba mwenyekiti aifute orodha yote, si jina langu pekee, kwa ajili ya yule mama muuza mboga aliye wa pili kutoka chini, ambaye tangu mwezi uliopita anaanza kukosa asubuhi moja moja na kusingizia mtoto. Amekataa. Nitamwomba tena mkutano ujao, na kama itabidi nitasimama mbele ya wanachama nisimulie habari za stendi ya Msamvu, ingawa zinanitia aibu.

Jumamosi iliyopita alinipita karibu na makutano, fulana imelowa, akageuka na kugonga saa yake kwa kidole, kuniuliza ni dakika ngapi. Nilikuwa katikati ya ubeti, nikampungia mkono.