Neno la Mhariri: Mwenyeji ni Nani?

Historia ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara imezoeleka kuandikwa kutoka Kariakoo. Inaanza 1965, Sunderland, ndiyo Simba ya leo, ikitwaa ubingwa wa kwanza. Inawagusa Cosmopolitan wa 1967, kisha yanafuata makombe ya Msimbazi na Jangwani, yaani Simba na Yanga. Mikoa hupewa mistari michache: Mseto ya Morogoro 1975, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union 1988, Mtibwa Sugar 1999 na 2000. Azam ilipochukua kombe 2014 bila kufungwa hata mechi moja, wengi walidhani zama zimebadilika. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25, bingwa amekuwa Simba au Yanga tu.

Toleo hili linaisoma ligi hiyo kutoka Kibaha na Kisarawe, ambako kombe halijawahi kufika. Huku swali la nani bingwa halina uzito mkubwa. Swali letu ni nani mwenyeji.

Bonanza lolote linaweza kumpata bingwa kwa wikiendi moja. Ligi ni nyumbani na ugenini: hata timu inayoburuza mkia ina siku yake ya kumpokea mkubwa kwenye uwanja wake, mbele ya watu wake. Watu wa Mlandizi, wilayani Kibaha, walinyimwa hasa siku hiyo.

Kwa misimu kadhaa Kibaha ilikuwa na timu mbili za Jeshi la Kujenga Taifa Ligi Kuu, JKT Ruvu na Ruvu Shooting, na uwanja wa Mabatini wa Mlandizi ulijulikana nchi nzima. Lakini zamu ya Simba au Yanga ikifika, mara nyingi mechi ilihamia Dar es Salaam, kwenye viti vingi na mapato ya mlangoni. Maji ya Ruvu huvutwa Mlandizi kwenda kunywewa Dar. Mechi kubwa nazo zikafuata bomba lilelile. Mei 2022 Ruvu Shooting ikawa mwenyeji wa Yanga mjini Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mabatini. Zikatoka suluhu. Msimu uliofuata maafande hao wakashuka daraja. JKT Ruvu ilishatangulia kushuka 2017. Iliporudi ilikuwa JKT Tanzania, na leo nyumbani kwake ni Mbweni, Dar es Salaam.

Hatuwalaumu viongozi wa timu. Posho, usafiri na kambi havisubiri, na jukwaa dogo halijazi kapu. Ila hoja hiyo ilikuwa na nguvu zaidi kabla ya 2021, Azam Media ilipotia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha ligi, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Fedha ya televisheni inamlipa mwenyeji hata kama jukwaa lake ni dogo. Kwa nini basi aendelee kuuza unyumbani wake?

Kisarawe nao wanahusika. Kiluvya United imeshacheza Ligi Daraja la Kwanza, na timu ya wilaya hiyo ikipanda siku moja, itakuta kanuni tunazoziacha leo. Tunaitaka Bodi ya Ligi ifanye mambo mawili: itenge sehemu ya fedha za televisheni kwa ajili ya majukwaa ya viwanja kama Mabatini, na ikataze mechi ya nyumbani kuhamishwa kwa sababu ya mapato. Anayetaka kumwona Yanga akicheza na timu ya Mlandizi, apande basi aje Mlandizi.