Neno "asidi" na maji ya magadi

Likizo ya Agosti iliyopita nilikuwa katika bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, nikikusanya maneno ya Dholuo yanayohusu ladha. Kazi hiyo yaweza kuonekana ya anasa kwa mtu asiyeishi kwa maneno, lakini ina raha yake. Wazee walinipa neno wach, yaani -chachu, ambalo katika maandishi halitofautiani na wach lenye maana ya neno au jambo. Sikujua bado kwamba kabla ya juma kwisha ningeona jinsi neno moja linavyoweza kuwa chachu kwelikweli.

Siku ya soko alitokea mchuuzi mmoja mwenye kipaza sauti. Aliwaomba watu mkojo kidogo katika kikopo, akachovya karatasi, na ilipogeuka rangi akatangaza, "Mwili wako umejaa asidi!" Kisha akauza unga wa kijani kibichi wa "kusawazisha" mwili huo, pamoja na chupa za maji aliyoyaita ya alkali. Mpwa wangu, ambaye yumo kidato cha tatu, alinitazama akaniuliza, "Mjomba, si mwalimu ametufundisha kwamba alkali huvunja nguvu za asidi? Basi huyu anadanganya wapi?"

Swali hilo lilinifedhehesha kidogo, kwa kuwa mimi si mtu wa kemia. Hata hivyo niliona kwamba uongo wa mchuuzi haukuwa katika kemia. Ulikuwa katika neno.

Hebu tuwasikilize Wakenya wanavyolitumia. Mtu akiungua kifua baada ya kula maharagwe husema, "Nina asidi." Akiumwa tumbo usiku husema vivyo hivyo. Chungwa likiwa kali mno, nalo lina asidi. Na sasa tumeongezewa damu yenye asidi. Mambo manne yamevishwa kanzu moja, na mwenye kuuza dawa ya moja hupata wateja wa yote. Ajabu ni kwamba Kiswahili kina neno safi kabisa kwa lile la kwanza, nalo ni kiungulia. Tumelitupa kwa sababu lile la kigeni linanukia zahanati.

Tuanze na damu. Kipimo cha pH, ambacho mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, alikibuni mwaka 1909, humpa mtu mwenye afya damu ya kati ya 7.35 na 7.45, yaani yenye ualkali mdogo. Mwili hulinda kiwango hicho kwa wivu mkubwa. Mapafu hutoa hewa ya kabonidioksidi, ambayo ikizidi huifanya damu iwe na asidi zaidi. Figo huondoa asidi iliyobaki na kurudisha bikaboneti. Ule mkojo ndio mahali pa kutupia mabaki. Pihechi yake hupanda na kushuka kati ya takriban 4.5 na 8 kutegemea mlo na saa ya siku. Karatasi ya mchuuzi ilipogeuka rangi, basi, ilishuhudia figo zilizo kazini. Mteja alilipishwa kwa kuwa mzima!

Nadharia yenyewe si ya jana. Inatokana na wataalamu wa karne ya 19 waliochoma vyakula, wakapima kama majivu yake ni ya asidi au ya alkali. Ndiyo maana utaambiwa kwamba ndimu, iliyo chachu kuliko vyote, ni chakula cha alkali. Hapo kuna chembe ya ukweli: mwili ukishaitumia sitreti iliyo katika matunda, hubaki bikaboneti, na mkojo hupungua asidi. Kwa baadhi ya wenye mawe ya figo hilo lina faida. Lakini kutoka mkojoni hadi kudai kwamba ndimu hubadili damu na kuponya saratani ni kuruka bonde zima la Lambwe kwa hatua moja. Robert O. Young, Mmarekani aliyetajirika kwa vitabu vya nadharia hii, alipatikana na hatia huko California mwaka 2016 kwa kutibu watu bila leseni, akahukumiwa kifungo mwaka uliofuata.

(Wanafunzi wangu hawatanisamehe nisiposema kwamba neno alkali lenyewe lina majivu ndani yake. Ni la Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea ya mahali penye chumvi. Herufi K inayosimamia potasiamu katika jedwali la elementi imetoka huko huko, kupitia Kilatini kalium.)

Na bibi zetu waliyajua majivu hayo bila Kiarabu wala Kilatini. Walichoma maganda ya maharagwe au ya ndizi, wakayachuja majivu kwa maji, wakapata maji ya kulainishia mboga za kienyeji. Kanda hii ya ziwa pia ina magadi yake, ambayo Wajaluo huyaita bala. Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo katika kreta karibu na Kendu Bay, lina maji ya alkali. Kaskazini ya bonde la Lambwe imesimama milima ya Ruri, iliyofanyika kwa miamba ya volkeno yenye kaboneti nyingi. Mtu wa huku haihitaji alkali ya kuletwa kwa chupa, anaikanyaga.

Sina ugomvi na akina bibi jikoni. Magadi kidogo hulainisha mrenda na maharagwe na kuokoa kuni. Lakini magadi hayohayo huharibu vitamini C na vitamini B1 katika chungu, huongeza sodiamu kwa mwenye shinikizo la damu, na magadi ya asili mara nyingi huwa na floridi inayoyatia meno rangi ya kahawia. Majivu yaliyochujwa nayo yana potasiamu nyingi, ambayo kwa mtu mwenye figo mbovu ni hatari ya moyo. Uasili wa kitu haumwambii mtu kipimo chake.

Tumbo ni habari nyingine. Humo asidi ni mlinzi: huua vijidudu na kuanza kumeng'enya nyama na samaki, na chakula kikishashuka kongosho hukimwagia bikaboneti. Maji ya alkali ya mchuuzi huishia mikononi mwa mlinzi huyo. Kuhusu vidonda vya tumbo, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha kuanzia mwaka 1982 kwamba vingi husababishwa na bakteria, Helicobacter pylori, wakatuzwa Nobel mwaka 2005. Vingine hutokana na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, ambazo sisi hununua dukani kama peremende. Anayekunywa magadi kila usiku hupata nafuu ya saa moja na kubaki na bakteria wake. Kiungulia cha kawaida, kwa upande wake, hupungua kwa mambo yasiyouzwa: kula kidogo kidogo, kutolala mara tu baada ya chajio, kuinua kichwa cha kitanda, kupunguza pombe na sigara. Na uji wa kuchachusha, ambao siku hizi mama vijana wanaambiwa wauogope kwa asidi yake, uchachu wake ndio unaozuia vijidudu vingi vya kuharisha visimee.

Ningeweza kukomea hapo na kumcheka mchuuzi. Lakini juma hilohilo mtoto wa jirani, wa miaka mitatu, aliamka na homa, amelegea, akivuta pumzi ndefu nzito kama aliyekimbia. Nyanya yake aliniambia, "Mwalimu, ni tumbo. Amejaa asidi." Alikuwa amekwisha kumnywesha vijiko viwili vya maji ya magadi, kama alivyosikia sokoni.

Jambo la kuogofya ni kwamba neno lake, kwa bahati, lilikuwa sahihi. Malaria kali humjaza mtoto asidi katika damu, asidi ya kweli, na zile pumzi nzito ni mapafu yakijaribu kuitoa. Watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka 1995 kwamba kupumua kwa shida na kupungua kwa fahamu ndizo dalili kuu za mtoto wa malaria aliye karibu na kifo. Hali kama hiyo huwapata wenye kisukari waliokosa insulini, na wenye kuharisha sana, kwa kuwa bikaboneti hutoka pamoja na kinyesi. Ndiyo sababu pakiti ya ORS ina sitreti. Damu ya namna hii haisawazishwi kwa kijiko. Husawazishwa kwa kutibu kilichoiharibu, na haraka. Tulimpeleka kwa pikipiki. Alikuwa na malaria, akatibiwa, akapona. Nyanya hakukosa mapenzi wala akili. Alipewa neno lililofanana na maarifa.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu wa kemia na wa Kiswahili, ambao aghalabu hawaketi meza moja. Siku ya somo la asidi na besi, mwalimu wa Kiswahili aalikwe. Ubaoni yaandikwe kiungulia, uchachu, asidi ya tumbo na asidi ya damu, kila moja peke yake, na wanafunzi waulizwe ni kipi karatasi ya mkojo inaweza kukipima.

Mpwa wangu hakungoja mwaliko. Aliomba shuleni karatasi chache za aina ile, akajipima asubuhi kabla ya chai, na jioni baada ya sahani ya sukuma wiki. Rangi zilikuwa mbili tofauti. Amezigandisha katika daftari lake la kemia, na chini yake ameandika kwamba siku hiyo hakuwa mgonjwa wala hakupona chochote.