Gari la Waya Liingie Darasani

Katika mji wa Tunduma hakuna mtoto asiyelijua lori. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapa na kuingia Nakonde, upande wa Zambia, na malori yenye makontena husimama foleni yakingoja taratibu za forodha. Si ajabu, basi, kwamba mojawapo ya michezo ipendwayo na watoto wa mji huu ni kuunda magari. Wengine huyaunda kwa waya, wengine kwa mabua ya mahindi, maboksi, makopo na ndala zilizochakaa. Baadhi ya magari hayo yana usukani unaogeuza magurudumu ya mbele kweli kweli, na tela linalofuata kichwa vizuri linapokata kona. Mtoto aliyeunda chombo kama hicho ametatua matatizo ya ufundi ambayo hakuna mtu aliyemfundisha.

Hata hivyo, mtoto huyo aingiapo darasani, gari lake hubaki nje. Mwalimu hulalamika kwamba hana zana za kufundishia uwiano, ilhali zana imefichwa kichakani kando ya uwanja wa shule. Shabaha ya makala haya ni kutoa hoja moja tu: kwamba gari la kuchezea liingizwe katika somo la Hisabati kwa kuundwa kwa vipimo maalumu, na kwamba kero linazoleta nyumbani ziwe sehemu ya maandalizi ya somo, wala zisiwe sababu ya kuliacha.

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha nimeona mara nyingi jinsi wanachuo wanavyoanza somo la skeli. Mwanachuo huandika 1:20 ubaoni, hueleza maana yake kwa maneno, kisha hutoa maswali matano. Wanafunzi hujibu sawasawa, kengele hulia, na kila mmoja huridhika. Lakini ukimwuliza mwanafunzi huyo skeli ni kitu gani, atakuambia ni namba mbili zenye nukta mbili katikati. Amejifunza alama, maana bado.

Gari la mtoto hufanana na lori, lakini halilingani nalo. Mara nyingi kichwa huwa kikubwa mno kwa tela lake, na magurudumu ni yale yaliyopatikana. Hapo ndipo mwalimu anapopata kazi. Katika nchi nyingi wapo watu wazima waundao magari madogo kwa burudani, na magari hayo hufuata skeli zinazojulikana, kama vile 1:43, 1:24 au 1:18. Anayeunda gari la 1:24 anajua kwamba kila sentimita 1 ya gari lake ni sentimita 24 za gari lenyewe, iwe ni katika urefu, mlango au taa. Hana ruhusa ya kupunguza sehemu moja na kuiacha nyingine. Sharti hilo moja ndilo linalougeuza mchezo kuwa Hisabati.

Kwa shule zetu napendekeza skeli ya 1:20, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi: gawanya kwa 10, kisha gawanya kwa 2. Nalo kontena lafaa kuwa mwanzo wa kazi, kwa sababu vipimo vyake vimekubaliwa kimataifa. Kontena la kawaida la futi 40 lina urefu wa meta 12.19, upana wa meta 2.44 na kimo cha meta 2.59. Kwa hiyo hakuna haja ya kumpeleka mtoto yeyote barabarani kupima malori, jambo ambalo ni la hatari na halifai kuruhusiwa kabisa. Mwalimu huandika vipimo ubaoni, wanafunzi hukokotoa, nao hupata sentimita 61 kwa 12.2 kwa 13 hivi. Vipimo hivyo huchorwa juu ya boksi kuukuu, likakatwa na kukunjwa. Aliyekosea desimali hahitaji kusahihishwa kwa wino mwekundu. Boksi lenyewe hukataa kufunga.

Baada ya kontena yafuate magurudumu. Gurudumu la lori kubwa lina kipenyo cha meta 1 hivi, yaani sentimita 5 kwa skeli yetu. Kizibo cha soda kina sentimita 3 hivi. Kwa maneno mengine, kizibo kinafaa gari dogo lenye gurudumu la sentimita 60, lori halikitaki. Mtoto aliyezoea kulivika lori lake vizibo hugundua mwenyewe kwa nini lilionekana kama limezama ardhini.

Somo kubwa zaidi limo ndani ya kontena. Mwalimu na aulize: kontena lenyewe linachukua mzigo mara ngapi kuliko hili la boksi? Jibu la kwanza la wanafunzi wengi huwa ni mara 20. Asiwakatize. Na wajaze boksi lao maranda ya mbao kwa kopo la lita 1, nao wataona kwamba huingia lita 9.6 hivi, karibu nusu ya ndoo ya lita 20. Kisha wakokotoe ujazo wa kontena lenyewe, ambao ni meta za ujazo 77 hivi kwa vipimo vya nje, sawa na lita 77,000. Tofauti ni mara 8,000, yaani 20 mara 20 mara 20. Rangi ya kupaka nje nayo hutofautiana mara 400. Mwanafunzi aliyepima maranda kwa mikono yake hatasahau upesi kwamba urefu, eneo na ujazo havipungui kwa kadiri moja.

Kutoka hapo njia ya kwenda katika Jiografia ni fupi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita hapa Tunduma, ina upana wa meta 1.067 baina ya vyuma vyake. Kwa skeli ya 1:20 upana huo ni sentimita 5.3, na mtoto aweza kuutandika juu ya dawati. Lakini urefu wa reli hiyo hadi New Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860. Kwa skeli hiyo hiyo ungekuwa kilomita 93! Ndipo darasa litakapotambua kwa nini mchora ramani huchagua skeli nyingine kabisa.

Sasa tugeukie nyumbani, maana huko ndiko kazi hii inakopatia lawama. Familia nyingi za mjini huishi katika chumba kimoja au viwili vya kupanga, na fundi mdogo hana karakana. Waya wa kuanikia nguo hupungua siku hadi siku. Ndala ya baba hukutwa na matundu mawili ya mviringo. Kisu cha jikoni hurudi kibutu, na unga uliowekwa kwa ajili ya uji huwa umepikwa gundi. Mama afagiapo alfajiri huzoa magurudumu pamoja na taka. Mtoto mchanga hukalia kichwa cha lori. Mgeni afikapo usiku, kila kilichokuwa chini ya kitanda huhamishiwa uani, na mvua ikanyesha. Kwangu mimi pia wamo mafundi wawili wa namna hiyo, na sijapata kuona vibanio vya nguo vikidumu mwezi mzima. Mzazi anayekasirika ana haki ya kukasirika. Mwalimu atakayesema tu, “Kesho kila mtu aje na gari,” atakuwa amewatuma watoto arobaini kwenda kubomoa nyumba arobaini.

Lakini lipo jambo zito kuliko waya uliopotea. Katika nyumba hizo hizo, kijana aundapo gari, dada yake huwa anateka maji, anaosha vyombo au amembeba mdogo wao. Kijana hugombezwa, lakini huachwa aendelee. Msichana hata nafasi ya kugombezwa hapewi. Matokeo yake ni kwamba maarifa ya kupima, kukata na kulinganisha huwafikia wavulana kwa njia ya mchezo, kisha sisi walimu tukashangaa darasani na kusema kwamba wasichana hawapendi Hisabati. Kazi hii ikifanyiwa shuleni, katika saa za somo, wote huwa na mkasi mmoja na rula moja. Kwangu mimi sababu hii peke yake yatosha.

Kwa hiyo yafaa tufuate masharti machache. Kwanza, vifaa vikusanywe shuleni kwa muda wa wiki mbili kabla ya somo: maboksi kutoka madukani, vizibo, vipande vya ndala zilizotupwa. Pili, waya usipokewe bila kujulikana ulikotoka, kwani hatutaki Hisabati ianze na wizi. Tatu, makopo yakatwe na mwalimu mwenyewe. Nne, wanafunzi wafanye kazi kwa vikundi vya watano, wasichana na wavulana pamoja, na kila mmoja apokezane kupima. Tano, magari yahifadhiwe shuleni hadi kazi iishe, na wazazi waitwe siku moja kuyatazama. Mzazi aliyeonyeshwa na mwanawe kwamba sentimita 61 ni meta 12.19 hataufagia tena ubongo wa mtoto pamoja na taka.

Najua watakaosema kwamba muda hautoshi na mtihani unakaribia. Kazi niliyoieleza huchukua vipindi vinne. Ndani yake mna kugawanya, desimali, uwiano, eneo, ujazo na skeli ya ramani, mada ambazo kwa kawaida tunazifundisha kwa vipindi vingi zaidi na kuzirudia kila mwaka. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, tumezoea kuyatafsiri maneno hayo kuwa shamba na jembe. Shamba ni jema. Lakini mtoto awezaye kulisoma lori kwa macho, kulipima kwa akili na kuliunda kwa boksi naye anajitegemea.

Wanachuo wanaojiandaa kwenda mazoezini na waanze na jambo jepesi: waandike katika andalio lao la somo, mahali pa zana, neno “kontena la boksi, 1:20”, kisha wakalitengeneze wao wenyewe kabla ya kuwaamuru watoto. Vipimo wamekwisha kupewa hapo juu.